Maswali ya Wasomaji: LPN Husomea Nini Darasani?

Barua nyingi tulizopokea safari hii zimetoka kwa Waswahili wanaoishi Marekani, na wengi wao wanafanya kazi ya usaidizi wa wauguzi, yaani CNA. Wanaulizia hatua inayofuata: LPN, muuguzi mwenye leseni ya jimbo anayefanya kazi chini ya usimamizi wa daktari au wa RN, yaani muuguzi aliyesajiliwa, ambaye ngazi yake iko juu ya LPN. Katika majimbo ya Texas na California muuguzi huyo huitwa LVN, lakini mafunzo na mtihani ni vilevile. Kazi hii ina historia ndefu, kwa kuwa mafunzo ya kwanza ya aina hii yalianza New York mwaka 1892, wakati ambapo mwanafunzi alifundishwa kutunza watoto, wazee na wagonjwa majumbani. Mafunzo ya leo yamekuwa mazito zaidi, na ninaona ni haki ya msomaji kujua uzito huo kabla hajalipa ada.

Shikamoo dada. Nilikulia katika kambi ya Nyarugusu, Kigoma, na sasa ninaishi Louisville, Kentucky, ambako ni CNA katika nyumba ya kutunzia wazee. Ninawaogesha, ninawageuza kitandani, ninawalisha na kuwapima presha. Nimeambiwa LPN ni mwaka mmoja tu. Ni masomo gani hasa, na je, uzoefu wangu utanisaidia?
*Msomaji, Louisville*

Marahaba, mdogo wangu. Uzoefu wako utakusaidia sana katika wiki za kwanza, na baada ya hapo utakusaidia kidogo kuliko unavyotarajia. Ninakueleza hivi mapema kwa sababu nimeona wasaidizi hodari wa wauguzi wakishindwa muhula wa pili kwa kudhani kwamba wanaendelea na kazi ileile kwa mshahara mkubwa zaidi.

Chukua mfano wa presha uliyoitaja. Leo ukimpima mzee ukakuta 88 kwa 50, yaani presha iliyoshuka, wajibu wako ni kwenda kumwambia muuguzi, na ukishamwambia umetimiza kazi yako. Ukiwa LPN, wewe ndiye uliyeambiwa. Mbele yako kuna kidonge cha lisinopril ambacho mzee huyo anatakiwa kumeza saa tatu asubuhi, nacho ni kidonge cha kushusha presha. Inakubidi ujue kwamba hukitoi, umpime tena kwa mkono wako, umtazame kama ana kizunguzungu au jasho la baridi, uangalie jana alikunywa maji kiasi gani, umwarifu RN au daktari, kisha uandike yote hayo pamoja na saa uliyoyafanya. Karibu kila somo utakalosoma mwaka huo linakuandaa kwa dakika kumi za namna hiyo.

Masomo yenyewe huanza na anatomia na fiziolojia. Shule nyingine hulidai kabla hujaingia, nyingine hulifundisha katika muhula wa kwanza. Ningependa ulipe somo hili nafasi kubwa kuliko jingine lolote, kwa kuwa mwanafunzi asiyeelewa jinsi moyo, mapafu na figo zinavyotegemeana atalazimika kukariri kila ugonjwa peke yake, na magonjwa ni mengi mno kukaririwa. Anayeelewa kwamba moyo ukishindwa kusukuma damu maji hurudi nyuma na kujaa mapafuni au miguuni, hahitaji kukariri kwamba mgonjwa huyo atahema akilala chali, atavimba vifundo vya miguu, ataongezeka uzito kwa siku chache, na atapewa dawa ya kukojoza. Yote hayo atayapata kwa kufikiri. Kama wewe ni miongoni mwa wenzetu waliosoma kwa Kifaransa, una faida ambayo huenda hujaitambua: majina mengi ya viungo na magonjwa yana mizizi ileile ya Kilatini na Kigiriki, na utayazoea haraka.

Sambamba na hilo huja misingi ya uuguzi. Hapa ndipo utakapojikuta nyumbani: usafi wa mgonjwa, kumgeuza, kuzuia vidonda vya mgandamizo, kupima joto, mapigo na upumuaji. Lakini hapohapo huingia kazi ambazo CNA hafanyi, kama vile kuweka mpira wa mkojo, kusafisha na kufunga kidonda, kufyonza makohozi kwa mgonjwa aliyetobolewa koo, kulisha kwa mrija, na kuchoma sindano. Unajifunza kwanza juu ya mwanasesere katika maabara ya shule, mwalimu akiwa amesimama kando na karatasi ya kukusahihisha. Usishangae ukirudishwa mwanzo kwa jambo linaloonekana dogo. Ile inchi moja ya pembezoni mwa kitambaa kisicho na vijidudu huhesabiwa kuwa imeshachafuka, kwa hiyo kifaa kikigusa hapo hakitumiki tena. Mikono yenye glavu safi ikishuka chini ya kiuno chako, unavua na kuvaa nyingine. Ukiipa mgongo meza uliyoandaa, umeshapoteza uhakika wa usafi wake. Mwalimu anakudai hivyo kwa sababu mgonjwa anayepata maambukizi ya mkojo kutokana na mpira hatajua kamwe nani aliyaleta.

Baada ya misingi huja somo refu kuliko yote, uuguzi wa watu wazima wenye magonjwa ya ndani na waliofanyiwa upasuaji: kisukari, kiharusi, pumu, figo, saratani, mifupa iliyovunjika. Pembeni yake kuna famakolojia, yaani dawa na matumizi yake. Dawa usizisome moja moja. Zisome kwa ukoo. Dawa zinazoishia na *-pril* hushusha presha na huweza kuleta kikohozi kikavu, na mgonjwa akivimba midomo au ulimi hiyo ni dharura. Zinazoishia na *-olol* hupunguza kasi ya moyo, kwa hiyo hesabu mapigo kabla ya kutoa. Digoxin, dawa ya moyo, inataka usikilize moyo kwa dakika nzima kwa stethoskopu, na kwa mtu mzima mapigo yakiwa chini ya 60 unaizuia na kutoa taarifa. Ukijua ukoo mmoja umeshazijua dawa nyingi kwa mara moja.

Uuguzi wa mama na mtoto mchanga, uuguzi wa watoto na afya ya akili kwa kawaida hupewa wiki chache chache. Mwishoni huja somo la wajibu na sheria za kazi: mipaka ya LPN, kumgawia CNA kazi, na siri za mgonjwa. Mipaka hiyo huwekwa na kila jimbo, hasa katika mambo ya dripu na dawa za kwenye mshipa, kwa hiyo soma sheria ya jimbo lako mwenyewe na usitegemee aliyosimuliwa mwenzako wa jimbo jingine.

Kuhusu huo mwaka mmoja, ni kweli kwa anayesoma mchana kutwa, darasani siku kadhaa za wiki na siku nyingine wodini au katika nyumba za wazee kwa mazoezi ya vitendo. Masomo ya jioni na wikendi huchukua muda mrefu zaidi, mara nyingi mwaka na nusu. Saa za mazoezi huhesabiwa, na ukizikosa sharti uzifidie. Anayefanya kazi usiku mara tano kwa wiki na kuingia wodini saa kumi na mbili na nusu asubuhi hawezi kudumu. Zungumza na familia yako kuhusu kupunguza zamu kabla muhula haujaanza, wakati bado mna nafasi ya kupanga bajeti kwa utulivu.

Dada mpendwa, niliacha hesabu kidato cha nne na sikuzipenda kamwe. Hapa Houston naambiwa kuna mtihani wa hesabu za dawa, na ukishindwa unaondolewa. Je, ni hesabu za namna gani? Naogopa.
*Mama wa watoto wawili, Houston, Texas*

Dada yangu, hofu yako ina msingi katika jambo moja: shule nyingi hudai alama 90 na kuendelea katika mtihani huo, na nyingine hudai 100, kwa sababu hakuna mgonjwa anayestahili kupewa dawa ambayo ni sahihi kwa asilimia 75. Hata hivyo, hesabu zenyewe hazipiti kuzidisha, kugawanya na desimali. Hutakutana na aljebra ya kidato cha nne.

Tuanze na nyepesi. Daktari ameagiza amoxicillin miligramu 250, na chupa imeandikwa miligramu 125 katika mililita 5. Unagawanya kilichoagizwa kwa kilichopo, 250 kwa 125, unapata 2, kisha unazidisha kwa mililita 5. Unatoa mililita 10.

Dripu ni hatua moja zaidi. Mililita 1,000 ziingie kwa saa 8, maana yake mililita 125 kwa saa. Kama mpira wa dripu unatoa matone 15 kwa kila mililita, unazidisha 125 kwa 15 na kugawanya kwa dakika 60. Jibu ni 31.25, na kwa kuwa hakuna robo tone, unahesabu matone 31 kwa dakika.

Sasa ile inayoangusha wengi. Mtoto ana uzito wa pauni 44, na ameagizwa dawa ya homa, miligramu 15 kwa kila kilo. Marekani hupima watu kwa pauni, lakini dawa huhesabiwa kwa kilo, kwa hiyo gawanya kwanza 44 kwa 2.2 upate kilo 20. Kilo 20 mara 15 ni miligramu 300. Chupa ina miligramu 160 katika mililita 5, basi 300 gawanya kwa 160, zidisha kwa 5, ni 9.375, ambayo utaivuta kwenye bomba kama 9.4. Anayesahau kubadili pauni atafika miligramu 660, zaidi ya maradufu ya kipimo cha mtoto. Wewe uliyekulia kwenye kilo, lita na sentimita una nafuu hapa, ilimradi ujizoeze kutazama kila mara kipimo ulichopewa ni cha aina gani.

Kuna pia kanuni za uandishi ambazo walimu hawasamehe. Andika 0.5 na si .5, kwa kuwa nukta peke yake huweza isionekane na mgonjwa akapewa mara kumi. Kinyume chake, andika 5 na si 5.0, kwa sababu hiyohiyo. Na kwa insulini, andika neno zima la kipimo badala ya herufi U, maana mkono wa haraka huifanya ionekane kama sifuri, na 10 ikasomwa 100.

Fanya maswali matano kila siku kuanzia leo, kwa kalamu na karatasi, na kila ukipata jibu jiulize kama lina mantiki. Hesabu ikikuambia umpe mgonjwa vidonge kumi na sita, rudia kabla hujaamini.

Ninasoma LPN hapa Minneapolis. Kazi za mikono ninazifanya vizuri na mwalimu ananisifu, lakini katika mitihani ya kuchagua ninapata 68 au 70, na shule inataka 77. Majibu yote manne huonekana sahihi. Nakosea wapi?
*Mwanafunzi, Minneapolis*

Mara nyingi majibu yote manne ni sahihi kweli, na swali linataka lile la kutangulia. Soma hili. Una wagonjwa wanne: aliyefanyiwa upasuaji jana na sasa anasema maumivu yake ni 7 kati ya 10, mwenye kisukari ambaye sukari yake ni 180 na anadai chakula cha mchana, mwenye pumu ambaye kifua kilikuwa kinapiga filimbi na sasa kimenyamaza, naye anasinzia, na ambaye jamaa zake wamekuja kumchukua nyumbani. Nani utamwona kwanza?

Wengi humchagua wa kwanza, kwa huruma, kwa kuwa ndiye anayelia. Lakini ni wa tatu. Kifua cha mwenye pumu kikinyamaza ghafla huku akisinzia, hewa haipiti tena, na huenda akafa mbele yako. Njia ya hewa, kisha kupumua, kisha mzunguko wa damu, halafu ndipo maumivu. Na mgonjwa ambaye hali yake imebadilika ghafla humtangulia ambaye hali yake ilitarajiwa.

Eneo la pili linalowasumbua wetu ni afya ya akili na mawasiliano, na hapa nina la kusema kwa uwazi. Sisi tumelelewa kumfariji mgonjwa kwa kumwambia asijali, atapona, Mungu yupo. Ni maneno ya upendo na sitakuambia uyaache kwa mama yako. Katika mtihani, jibu la kumwambia mgonjwa wa saratani kwamba kila kitu kitakuwa sawa ni kosa, kwa sababu unamwahidi usichokijua na unamfungia mlango wa kueleza hofu yake. Jibu linalotakiwa humwachia nafasi: “Unaonekana una wasiwasi. Niambie zaidi.” Maswali yanayoanza na “kwa nini” nayo huwa ni kosa mara nyingi, kwani humfanya mtu ajitetee. Vivyo hivyo, kutoa ushauri kwa kusema “ningekuwa wewe ningefanya hivi” si jibu.

Eneo la tatu ni kugawa kazi. Kumpima presha mgonjwa aliyetulia unaweza kumpa CNA. Kumlisha mgonjwa aliyepata kiharusi jana, ambaye uwezo wake wa kumeza haujapimwa, huwezi. Tathmini ya kwanza ya mgonjwa aliyelazwa sasa hivi ni ya RN. Kama ulitoka kwenye CNA, utavutwa kufanya kila kitu mwenyewe, nawe utakosa maswali mengi kwa ukarimu huo.

Haya yote yanakuandaa kwa mtihani wa leseni, NCLEX-PN. Tangu Aprili 2023 mtihani huo una maswali kati ya 85 na 150, muda wa saa 5, na kompyuta hukuongezea au kukupunguzia ugumu kulingana na unavyojibu, kwa hiyo maswali yakizidi kuwa magumu usivunjike moyo. Ndani yake kuna visa vitatu vya wagonjwa, kila kimoja na maswali sita, ambapo unapewa kumbukumbu za wodini na kutakiwa kuonyesha kipi ni cha hatari, kinaashiria nini, na utafanya nini. Ukikosa swali la mazoezi, usiishie kuangalia herufi sahihi. Eleza kwa sauti, hata kwa Kiswahili, kwa nini kila moja ya yale matatu mengine halikufaa. Alama zako 70 zitapanda kwa njia hiyo haraka kuliko kwa kusoma sura nzima upya.

Kabla ya kuanza mazoezi ya vitendo, shule yangu hapa Worcester, Massachusetts, ilinipima kifua kikuu kwa sindano ya ngozi ya mkononi. Palivimba, wakanizuia. Sijawahi kuugua kifua kikuu. Nifanye nini?
*Msomaji, Worcester*

Wewe, kama karibu sote tuliozaliwa Afrika Mashariki, huenda ulichanjwa BCG, chanjo ya kifua kikuu, utotoni, na alama yake iko begani. Chanjo hiyo huweza kuufanya mkono uvimbe katika kipimo cha ngozi bila ya wewe kuwa na vimelea vya kifua kikuu. Omba kipimo cha damu cha aina ya IGRA, ambacho hakiathiriwi na BCG. Kikionyesha huna, peleka karatasi shuleni. Kikionyesha unavyo, daktari atakupiga picha ya kifua kuona kama una ugonjwa wenyewe au vimelea vimelala tu, na kwa vilivyolala kuna dawa. Mtu wa namna hiyo hamwambukizi mwingine.

Wasomaji wengine walio njiani kuanza, fanyeni kipimo hiki mapema, pamoja na kukusanya ushahidi wa chanjo za homa ya ini B, surua na tetekuwanga, na cheti cha huduma ya kwanza ya moyo na upumuaji. Chanjo ya homa ya ini B kwa kawaida hutolewa kwa dozi zilizoachana kwa miezi, na wodi haitakusubiri.

Mimi ni muuguzi mwenye stashahada, nipo Morogoro, na nimesajiliwa na Baraza la Uuguzi na Ukunga Tanzania. Ninahamia kwa mume wangu Maryland. Shemeji ananishauri nianze LPN kwa kuwa ni rahisi. Unasemaje?
*Muuguzi, Morogoro*

Dada, usianze kwa kurudi nyuma. Stashahada yako yaweza kukufungulia njia ya kuomba moja kwa moja kufanya mtihani wa RN, baada ya taasisi ya ukaguzi wa vyeti vya wauguzi wa nje, kama TruMerit (zamani CGFNS), kukagua masomo yako na bodi ya uuguzi ya jimbo kuamua. Wanachokitazama ni saa za darasani na saa za vitendo katika maeneo makuu: magonjwa ya watu wazima, upasuaji, uzazi, watoto, na afya ya akili. Kukiwa na pengo, huenda ukatakiwa kusoma somo hilo moja tu. Kwa hiyo kabla hujapanda ndege, nenda chuoni ukaombe nakala rasmi ya matokeo, mtaala uliousomea, na kitabu cha kumbukumbu za vitendo. Ukiwa ng'ambo, karatasi hizo huchukua miezi kupatikana. Aliyesoma ngazi ya cheti, yeye ndiye hasa ambaye tathmini ya LPN huweza kumfaa.

Na kwa kuwa umetaja urahisi, nikuonye wewe na wote wanaotafuta shule. Januari 2023 serikali ya Marekani ilitangaza kwamba zaidi ya vyeti bandia 7,600 vya uuguzi, vya RN na vya LPN, vilikuwa vimeuzwa Florida. Baadhi ya walionunua walifaulu mtihani wa leseni wakaajiriwa, kisha bodi za majimbo zikaanza kuwafuatilia. Shule ikikuahidi LPN ya miezi michache, yote kwa intaneti, bila kutaja wodi utakayofanyia mazoezi, fungua tovuti ya bodi ya uuguzi ya jimbo lako, ambako shule zilizoidhinishwa zimeorodheshwa kwa majina, na utazame pia ni wanafunzi wangapi wa shule hiyo hufaulu NCLEX-PN kwa mara ya kwanza. Jina la shule likikosekana kwenye orodha hiyo, usiwalipe hata ada ya fomu.